Fundi Beringi na Siku Tisa za Chemchemi

Jina la Beringi hakupewa na mama yake. Alilipata wiki ya kwanza kazini, kwenye kituo cha pampu kilichokuwa juu ya mji, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye cheti kipya cha ufundi na ovaroli iliyomzidi kimo. Injini ikinguruma vibaya, yeye husema, "Ni beringi hiyo," yaani ile pete ya chuma yenye gololi ndani. Mkanda ukikatika, yeye, "Beringi hiyo." Siku ya tano mlango wa choo ulikwama, mkuu wa kituo yumo ndani anagonga, na kabla kijana hajafungua kinywa mafundi wote wakaitikia kwa sauti moja, "Ni beringi!" Kuanzia hapo, hata karani wa ofisi akitaka kuandika barua ilimbidi kwanza aulize jina lake la kweli ni lipi.

Kituo kilikuwa nyumba ya matofali yenye paa la bati, imejengwa karibu na visima virefu viwili. Pampu ilivuta maji kutoka chini ya mwamba, ikayasukuma mpaka kwenye tangi, na tangi likayagawa mjini kwa mabomba. Chini ya mteremko, mwendo wa robo saa kwa miguu, nyuma ya ukuta wa hospitali, ndipo ilipokuwa chemchemi. Maji yalitoka kwenye ufa wa mwamba kimyakimya, yakajaza bwawa dogo la kuteka, yakamwagikia bwawa kubwa la kufulia, kisha yakashika mfereji kwenda kukutana na mto.

Siku yake ya kwanza ya mapumziko Beringi alishuka huko na ovaroli yake begani. Akaona bwawa dogo ndilo lenye maji safi zaidi, akachutama, akaanza kuichovya.

"Wewe! Wewe mwenye masikio kama mikono ya sufuria!"

Aligeuka. Msichana mmoja alikuwa amesimama ndani ya bwawa kubwa, maji yamemfika magotini, shuka la hospitali limemning'inia mikononi likichuruzika.

"Hapo watu wanakunywa," alisema yule msichana. "Unataka mji mzima uharishe grisi?"

"Samahani, dada. Sikuona kibao."

"Kibao ndio mimi."

Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka mpaka mmoja akapoteza sabuni. Beringi alihamia bwawa kubwa, akachagua pembe ya mbali, akaanza kusugua kwa aibu. Msichana alimtazama kidogo, akashindwa kuvumilia. "Hiyo nguo unaipapasa kama mgonjwa. Lete hapa." Akaipokea, akaipiga juu ya jiwe mara kumi au kumi na mbili, akaisuuza, akamrudishia ikiwa na rangi ambayo mwenyewe hakujua kwamba inayo.

Wiki iliyofuata alirudi na ovaroli ile ile, imechafuka kupita kiasi. Msichana aliipokea, akainusa, akamkazia macho. "Nimesikia kituo kilifungwa wiki nzima kwa ukarabati wa tangi. Hii imechafukaje?"

Beringi hakuwa mwepesi wa maneno. Alijikuna kisogo, akasema, "Ni beringi."

Walioana mwaka uliofuata.

Hiyo ndiyo miaka ambayo baadaye, akiwa mzee, Beringi aliipitia kichwani taratibu, kama mtu anayetembelea nyumba aliyokulia. Bwawa la kufulia lilikuwa na mawe kumi na tisa, bapa, yaliyolainishwa na mikono ya wanawake waliokufa zamani, na kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. La mkewe, lililokuwa la mama yake, lilikuwa la tatu kutoka kwenye mdomo wa bwawa, mahali ambapo maji yalipita kwa nguvu na kubeba povu bila kuombwa. Madobi walifua shuka za hospitali, vitambaa vya meza za hoteli, sare za shule. Walizianika kwenye majani ya mteremko, na Beringi akishuka kwa chakula cha mchana aliona mteremko mzima umekuwa mweupe. Watoto wao wawili walijifunza kuogelea pale kabla ya kujifunza kufunga vifungo vya shati. Mkewe alikuwa akisema kwamba huko chini anasikia injini ikitetema juu, na kwa mtetemo wake anajua kama mumewe ameamka vizuri. Naye Beringi, akisimama mlangoni mwa kituo, aliwasikia wao: pa, pa, pa, nguo juu ya mawe, na kicheko katikati.

Mji ukakua. Injini ya dizeli ikaondolewa, zikaja pampu za umeme, mbili, kisha tatu, kisha tano. Visima vipya vikachimbwa, viwili kati ya hivyo vikiwa chini kidogo ya kituo, upande wa chemchemi. Beringi alipandishwa cheo, akawa fundi mkuu wa zamu, mwenye ufunguo wa chumba cha swichi.

Kiangazi kimoja mawe mawili ya pembeni yalikauka. Wanawake walisema ni mvua imekuwa haba. Kiangazi kilichofuata yakakauka manne, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka watu wakachoka. Hapo mmoja akadai ni laana ya wanaofulia viatu, na kwa mwezi mzima hakuna aliyethubutu kufua kiatu.

Mkewe Beringi hakuzungumza habari za laana. Jioni moja, akimenya viazi, alisema, "Jumatatu pampu zako mbili zilikuwa mbovu, sivyo?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Maji yalipanda vidole viwili. Jana mmezitengeneza, leo yameshuka."

"Hayo ni mambo ya mvua, mama watoto."

"Haya," alisema mkewe, akaendelea kumenya.

Lakini neno lile lilimganda. Kwa wiki kadhaa Beringi alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu: kila pampu ya chini iliposimama, alishuka kutazama bwawa. Kila mara maji yalikuwa yamepanda. Hatimaye alikwenda kwa mkuu wa kituo, akasimama mbele ya meza na kofia mkononi.

"Mkuu, nadhani visima vyetu na ile chemchemi vinanyonya ziwa moja."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini. "Beringi, watu laki mbili wanataka maji bombani. Kule chini kuna wanawake kumi na tisa. Nikuachie mizani wewe, utaegemea wapi?"

Beringi alivaa kofia yake. Alirudi kwenye chumba cha swichi, na suala lile hakuligusa tena.

Viangazi vikapita, mawe yakakauka moja moja mpaka yakabaki machache tu majini. Kisha zikaja siku tisa.

Transfoma ya kituo iliungua, na pampu zote tano zikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu zilipoletwa. Nyingine ilibidi iletwe kwa lori kutoka mbali. Siku mbili za mwanzo hakuna kilichobadilika, ila mabomba mjini yalikohoa hewa na watu wakaanza kushuka chemchemini na madumu. Siku ya tatu mkewe alirudi nyumbani na pindo la gauni limelowa mpaka magotini. Alisimama tu sebuleni akichuruzika, anatabasamu. Siku ya tano mawe kumi na mawili yalikuwa majini. Wanawake walioacha kazi miaka mingi, wengine sasa wakiuza duka, wengine wakilea wajukuu, walisikia habari, wakaja na mabeseni, kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye jiwe lake. Hapakuwa na ugomvi. Mmoja tu alikuta jiwe la marehemu dada yake halina mtu, akaketi juu yake kidogo kabla ya kulihama.

Siku ya saba maji yaliruka mdomo wa bwawa na kushika mfereji wa zamani. Samaki wadogo, wembamba kama sindano, walionekana. Hakuna aliyejua walikuwa wamejificha wapi miaka yote hiyo. Mji mzima uliokuwa ukisema hauna maji ulikunywa maji ya pale.

Beringi hakuwa na la kufanya kituoni. Alikunja suruali, akaingia bwawani. Mkewe alimpa ncha moja ya shuka, yeye akashika nyingine, wakalikamua pamoja, mmoja akizungushia kulia, mwenzake kushoto, mpaka shuka likawa kama kamba na wao wakajikuta karibu uso kwa uso.

"Unakamua vizuri siku hizi," mkewe alisema.

"Nina mwalimu."

"Mwalimu wako amezeeka."

"Na masikio yangu?"

"Hayo yamezidi kukua."

Siku ya tisa transfoma ilifika. Kufikia saa nne asubuhi kila kitu kilikuwa kimefungwa, kimekazwa, kimejaribiwa. Kilichobaki kilikuwa kidole cha Beringi juu ya kitufe. Alisema anakagua mafuta. Akakagua. Akakagua tena. Mara ya tatu mkuu wa kituo alichungulia mlangoni. "Fundi, kwenye hayo mafuta unatafuta nini, samaki?"

Alibonyeza.

Baada ya siku nne mawe yalikuwa makavu tena, na wale madobi wa zamani walirudisha mabeseni stoo. Mkewe hakugomba. Angegomba, Beringi angekuwa na la kujibu. Alichofanya ni kuichukua ovaroli ya mumewe kutoka kwenye msumari, akaishika kwa mikono miwili, akasema taratibu, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo zako nazifua kila wiki." Kisha akaenda kuifua.

Miaka ikapita. Hospitali ilinunua mashine za kufulia. Hoteli nayo ikafuata. Madobi walipungua mmoja mmoja, hata mwishoni mkewe Beringi alikuwa akifulia majirani nyuma ya nyumba, kwenye beseni, kwa maji ya bomba ambayo mumewe mwenyewe ndiye aliyeyapandisha. Beringi alistaafu baada ya miaka thelathini na minne, akapewa saa ya ukutani na hotuba fupi. Chemchemi ilibaki kuwa tope lenye chupa za plastiki na matete.

Siku moja tangazo lilibandikwa kwenye lango la hospitali. Ofisi ya maji inakusudia kuweka kiwango cha chini cha mtiririko wa chemchemi, kiasi ambacho maji hayataruhusiwa kushuka chini yake, na wananchi wanaalikwa kutoa maoni kwenye ukumbi wa shule. Mkewe ndiye aliyelisoma. Alirudi nyumbani, akamwekea Beringi shati lililopigwa pasi juu ya kitanda.

Ukumbini, mtaalamu wa maji alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao, mwenye viatu vyenye matope. Alieleza bila mbwembwe. Amejenga ukuta mdogo kwenye mfereji, wenye pengo la kupitisha maji na rula ya chuma pembeni, na kwa miaka miwili amekuwa akipima ni lita ngapi zinapita kila sekunde. "Tatizo," alisema, "nimeikuta chemchemi ikiwa mgonjwa tayari. Siwezi kusema afya yake ni ipi wakati sijawahi kuiona ikiwa mzima."

Mkuu mpya wa kituo alisimama akasema visima vya mji ni virefu mno, vinavuta maji mengine kabisa, na kwamba kilichoiua chemchemi ni ukame. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Beringi aliona mkono wake umeinuka.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha na kuzima zile pampu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakageuza shingo. "Pampu za chini zikisimama, chemchemi inapanda. Zikifanya kazi, inashuka. Nimeiona kwa macho yangu si mara moja. Zilisimama zote siku tisa, na siku ya tisa hapakuwa na jiwe kavu."

Kinyozi wa mtaani kwao aliyekaa nyuma alipaza sauti. "Sasa mzee, mbona siku zile hukusema?"

Mkewe alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe.

"Nilisema mara moja, nikanyamazishwa," Beringi alijibu. "Ila kunyamazishwa kulikuwa siku moja tu. Miaka ishirini iliyobaki nilinyamaza mwenyewe. Niliogopa."

Aliketi. Mkewe akamsogelea mpaka mabega yakagusana.

Kesho yake mtaalamu alikuja nyumbani kwao, akanywa chai, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuwauliza: mawe yale yanaweza kumwambia nini? Wiki hiyo hiyo madobi saba waliosalia walikusanywa chemchemini. Mtaalamu alipima kimo cha kila jiwe kwa darubini ya miguu mitatu, na wanawake wakaeleza ni mwaka gani jiwe lipi lilikauka: mwaka fulani aliozaliwa mjukuu, mwaka hoteli ilipopakwa rangi ya kijani. Walibishana, wakasahihishana, wakatukanana kwa upendo. Mkewe Beringi alivua viatu akapanda juu ya jiwe lake la tatu.

"Siku ya tisa maji yalinifika hapa," alisema, akigusa muundi.

"Mama, una hakika? Huenda kimo chako kimebadilika."

"Nimepungua huku juu, binti yangu. Miguu ni ile ile."

Mtaalamu alicheka, akaandika. Kisha akaomba kile alichokitaka kuliko vyote: pampu mbili za chini zizimwe siku kumi kwa majaribio. Ofisi ilisitasita, ikakubali. Siku ya nne maji yalianza kupanda. Siku ya kumi mawe tisa yalikuwa yamelowa, na ile hoja ya maji mengine kabisa haikusikika tena.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitano. Kwenye ukuta wa kipimo zisipite kamwe chini ya lita thelathini kwa sekunde. Rula ikionyesha maji yamekaribia alama hiyo, pampu moja ya chini inazimwa. Yakiendelea kushuka, inazimwa ya pili, na haziwashwi mpaka maji yapande. Mji utalazimika kuzoea mgao siku mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, mpaka visima vingine vichimbwe upande wa pili wa kilima.

Mgao haukupendwa. Kiangazi cha kwanza kinyozi alimsimamisha Beringi njiani. "Fundi, miaka yote ulitupa maji. Umezeeka, unatunyima. Nimnyoe mtu kwa mate?" Beringi alichungulia ndani, akamwona mteja aliyenyolewa kichwa nusu. Alikwenda, akarudi na dumu la maji, akaliweka mlangoni pa kinyozi, na akafanya hivyo kila siku ya mgao mpaka kinyozi mwenyewe akaona haya akanunua pipa.

Mwisho wa kiangazi hicho yeye na mkewe waliteremka polepole, wakishikana kwenye ngazi za mawe. Kulikuwa na ubaridi ule wa zamani, unaompokea mtu kabla hajayaona maji. Matete yalikuwa yamesafishwa. Mawe kumi na moja yalikuwa majini, manane makavu. Hapakuwa na dobi hata mmoja. Wanafunzi watatu walikuwa wameketi juu ya mawe makavu, miguu inaning'inia, wanasoma, hawajui wamekalia nini. Jiwe la tatu lilikuwa limefunikwa na maji kina cha kidole. Mkewe aliingia, akasimama juu yake, akakunja vidole vya miguu kana kwamba anashika kitu.

Beringi alisubiri. Alisikiliza, bila kukusudia, ile pa, pa, pa. Palikuwa na maji tu, yakimwagika kwenye mfereji.

"Yanatosha?" aliuliza.

"Hayatoshi."

"Zamani hairudi, mama watoto."

"Nani amesema irudi? Nimesema hayatoshi. Kumi na moja si kumi na tisa." Alimpa mkono amsaidie kutoka. "Twende ukaandike barua kwa yule binti wa vipimo. Mimi nitasema, wewe utaandika, maana mwandiko wangu wanaudharau."

Barua iliandikwa mezani jikoni, ikachanwa mara mbili kwa sababu Beringi alitia heshima nyingi mno. Jibu lilikuja baada ya wiki sita: kiwango kitapitiwa upya baada ya miaka miwili, kwa vipimo vipya, na madobi wa mawe wataalikwa. Mkewe alilisoma kwa miwani, akalisoma bila miwani, akalitia kwenye droo ya vijiko. Kisha akauliza kama bomba linatoka leo.

Ilikuwa siku ya mgao. Beringi akachukua ndoo mbili, akashuka chemchemini.